Kumtafuta Margo: uzoefu wangu wa kusoma Paper Towns

Riwaya hii ya John Green, iliyochapishwa mwaka 2008 kwa ajili ya vijana, niliisoma nikiwa Kampala, na kurasa za mwanzo nilizipokea kwa moyo mzito. Hapa Uganda, mtu akipotea, jamaa zake hupeleka picha polisi, jina lake husomwa redioni pamoja na rangi ya nguo alizovaa, na simu ikilia usiku nyumba nzima huamka. Tena tunaikumbuka Aboke, kaskazini mwa nchi, ambako Oktoba 1996 waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliwateka wasichana 139 wa shule ya bweni, Sista Rachele Fassera akawafuata porini na kurudi na 109, huku 30 wakibaki mikononi mwa watekaji. Ndiyo maana ilinitatiza kumwona Margo Roth Spiegelman, msichana wa Orlando, Florida, akiondoka kwao kwa hiari yake na kuacha nyuma dalili za kufumbua.

Kilichonishika ni wazazi wake. Margo amewahi kutoroka kabla, nao wamechoka naye, kwa hiyo safari hii wanaamua kubadilisha vitasa vya milango. Nimewasikia wazazi wengi wakimlaani mtoto mtoro, lakini sijapata kusikia mlango ukifungiwa binti ambaye hajulikani aliko. Tangu hapo nilielewa kwa nini Quentin, kijana wa nyumba ya jirani aliyempenda Margo tangu utotoni, anajitwika mzigo huo ilhali mitihani na mahafali vimekaribia.

Sehemu ya pili ndiyo roho ya kitabu, ingawa inarefuka kupita kiasi mahali pengine. Quentin anasoma mashairi ya Walt Whitman katika nakala ambayo Margo ameipigia mistari ya rangi; anaingia katika jengo la maduka yaliyotelekezwa na kukuta ukutani matundu madogo ya pini, ambayo baadaye anayalinganisha na ramani. Wakati wote huo anaogopa kwamba huenda anatafuta maiti, na hofu hiyo mwandishi ameieleza kwa uaminifu mkubwa. Kadiri anavyowahoji waliomfahamu, ndivyo anavyogundua kwamba kila mmoja alikuwa na Margo wake, na kwamba hata yeye aliyempenda hakuwahi kumuuliza anaogopa nini wala anatamani nini. Sijasoma riwaya nyingine ya vijana inayolisema jambo hili kwa uwazi kiasi hiki.

Safari ya gari kuelekea Agloe, jimbo la New York, inasimuliwa saa baada ya saa, kwa vichekesho ambavyo vingine vimenipita. Agloe yenyewe ina historia ya kweli: wachora ramani waliubuni mji huo miaka ya 1930 ili wamnase atakayenakili kazi yao. Quentin na rafiki zake walichokikuta huko sitakisimulia.

Kitabu kina matusi na ulevi wa vijana, kwa hiyo ningekiweka katika maktaba ya kidato cha tano na cha sita, si chini ya hapo. Na kama msomaji anatoka katika nyumba ambayo mtu wake hajarudi, ningekaa naye kwanza nimweleze Margo anaishia wapi, kisha aamue mwenyewe kama atakisoma.