Siku nne Corumbá: bandari imenikosha, ziara ya gari imeniudhi

Wengi wanaofika Corumbá hulala usiku mmoja tu. Wanashuka kwenye basi, wanaulizia gari la kwenda Pantanal, mbuga kubwa za majimaji zilizouzunguka mji, kesho yake asubuhi hawapo. Mimi nilikaa siku nne mwishoni mwa Juni, na majuto yangu ni moja: siku niliyoipoteza kwenye hilo gari.

Mji uko magharibi mwa Brazili, jimbo la Mato Grosso do Sul, juu ya ukingo wa Mto Paraguay, na mpaka wa Bolivia uko hapo hapo mlangoni. Kwa basi kutoka Campo Grande ni zaidi ya kilomita 400. Omba kiti cha dirishani, maana ukishaingia kwenye mbuga za majimaji utawaona jacaré, mamba wadogo wa huko, wamejilaza kwenye madimbwi kando ya barabara kama magogo. Na angalia saa yako. Jimbo hili liko nyuma ya São Paulo kwa saa moja. Simu yangu niliiwekea saa kwa mkono nikasahau kuibadilisha, basi nilisimama mbele ya mlango wa makumbusho saa nzima nikimlaani mlinzi kimoyomoyo, kumbe mchelewaji hayupo.

Corumbá ni miji miwili. Wa juu umekaa kwenye mwamba wa chokaa, udongo mweupe, ndiyo maana wenyewe wanauita Cidade Branca, Mji Mweupe. Wa chini ni bandari: safu ya maghala na nyumba za wafanyabiashara za karne ya 19 zikitazama mto, rangi za manjano na waridi zilizobanduka hapa na pale. Safu hiyo inalindwa kama urithi wa taifa tangu 1993. Jioni jua linapozama upande wa pili wa maji, kuta zile zinawaka. Nilizoea bandari za bahari, zenye kelele na harufu ya chumvi. Hii ya mtoni imetulia hadi unasikia kasia la mvuvi.

Utajiri wa kujenga vile ulitoka wapi, katikati ya bara? Jibu ni mto wenyewe. Wareno waliweka kituo hapa 1778 ili kuwazuia Wahispania. Mwaka 1865 jeshi la Paraguay likauteka mji, Wabrazili wakaukomboa Juni 1867. Vita vilipokwisha, meli zikawa zinapanda kutoka Buenos Aires kupitia Asunción na bidhaa za Ulaya, na Corumbá ikawa duka la eneo zima. Kisha reli ikasogea, mizigo ikahamia huko, na maghala yakabaki matupu. Nadhani ufukara huo ndio uliyaokoa, kwa sababu hakukuwa na fedha ya kuyabomoa. Jengo moja la 1876, lililokuwa la kampuni ya Wanderley na Baís, sasa ndilo makumbusho ya historia ya Pantanal. Lipe saa mbili, hasa sehemu ya Waguató, watu wa mitumbwi walioishi kwenye maji haya kabla ya Mreno yeyote.

Sasa nije kwenye lililonipeleka Juni. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 watu wanamwogesha Mtakatifu Yohana. Kila familia ina sanamu yake ndogo, wanaiweka kwenye machela iliyopambwa kwa maua ya karatasi na taa, wanateremka nayo mteremko wa Cunha e Cruz huku bendi ikipuliza tarumbeta, hadi mtoni. Pale sanamu inamwagiwa maji ya Mto Paraguay. Machela inayoshuka ikikutana na inayopanda, wabebaji wanaziinamisha ili watakatifu wasalimiane. Wasichana wanajipenyeza chini ya machela kuomba mume, na bibi mmoja wa makamo naye akapita, mara tatu, akicheka. Walikuwepo pia waliovaa nyeupe, kwao Yohana ni Xangô, mungu aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Nilisimama majini hadi magoti, viatu mkononi, hadi saa nane usiku. Hakuna tiketi, hakuna kiingilio.

Ziara ya gari sasa. Nililipa yote mapema, kosa langu. Tuliahidiwa watu sita, tukapakiwa tisa. Njia yenyewe, Estrada Parque, haina lawama: vumbi, makumi ya madaraja ya mbao, capivara wakubwa kama nguruwe ingawa ni jamii ya panya, na tuiuiú, korongo mweupe mwenye shingo nyeusi na kola nyekundu. Lakini kiongozi wetu alikuwa kwenye simu muda mwingi, na nilipoomba asimamishe gari kwa ajili ya kasuku wa bluu alijibu kwamba tumechelewa chakula. Pesa nilizodai hazijarudi hadi leo. Lipa nusu, na uandikishe idadi ya watu.

Kuhusu msimu: ardhi ya Pantanal ni tambarare mno, kwa hiyo mvua za kaskazini huchukua miezi kufika, na mto kwa kawaida hujaa hapa Mei na Juni, mvua zenyewe zikiwa zimeshakatika. Ila usiuamini kila mwaka. Oktoba 2024 kipimo cha mto pale Ladário, mji jirani, kilisoma sentimita 69 chini ya alama yake ya sifuri, kiwango cha chini kuliko vyote tangu vipimo vianze mwaka 1900. Ulizia hali ya maji kabla ya kulipia mashua.

Chakula: supu ya piranha, samaki wa mtoni mwenye meno makali, ni nzito, ya moto, na miiba yake ni midogo kama sindano, kunywa polepole. Salteña za Kibolivia, kama sambusa zenye mchuzi ndani, zimejaa barabarani asubuhi. Ng'ata ncha kwanza unyonye mchuzi, la sivyo shati limekwisha. Langu lilikwisha siku ya kwanza.

Na beba sweta. Nilidhani ni joto tu, upepo wa kusini ukaja usiku mmoja, nikalala na taulo mbili juu ya blanketi.