Besi isiyo na freti: nyuzi nne au tano?

Wengi wanaohamia gitaa la besi lisilo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, huanza kwa kuuliza idadi ya nyuzi. Mimi ningeuliza kwanza nyimbo zenu ziko kii gani. Besi ya nyuzi nne inakomea chini kwenye E, karibu Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Uzi wa tano unashuka mpaka B, Hz 31. Kwaya iliyozoea D na E flati humlazimisha mpiga nyuzi nne kupanda juu palepale wimbo unapotaka kuzama. Lakini kama bendi yenu inaishi kwenye G na A, huo uzi wa tano utakuwa pa kupumzishia dole gumba tu.

Namba moja kwangu: nyuzi nne, yenye mistari kwenye ubao wa vidole mahali ambapo freti zingekaa. Kwenye besi ya kawaida unabonyeza nyuma ya freti, nayo freti inakusahihishia. Hapa kidole kinatua juu ya mstari wenyewe, na kikikosea, kila mtu anasikia. Kwenye besi ambayo uzi wake una inchi 34 kutoka nati (kipande chenye mikato juu ya shingo) hadi daraja (unapokaa uzi upande wa pili), nusu toni ya kwanza, yaani hatua ya kwenda noti inayofuata, ina upana wa karibu milimita 48, ila ukifika oktava zimebaki 24 tu. Kuteleza milimita 3 kunakovumilika kule chini, huku juu ni kuharibu wimbo. Kujifunza hayo kwenye nyuzi nne kunatosha kukutoa jasho.

Wapo wanaoona mistari ni ya wanafunzi. Waambie watazame besi ya Jaco Pastorius, mpiga besi maarufu wa Marekani, Fender Jazz Bass ya 1962: alama za freti zilizotolewa zilionekana wazi, na ubao ulipakwa epoksi, utomvu unaokauka ukawa mgumu, ili nyuzi zisiutafune. Ilikuwa ya nyuzi nne. Kwa asiye na pesa nyingi, Squier Classic Vibe '60s Jazz Bass isiyo na freti ni mwanzo mzuri.

Watu wa taarab asilia wana sababu nyingine ya kubaki na nne. Dabo-besi ya kusimama inatyuniwa E, A, D, G, sawasawa na besi ya nyuzi nne, na haina freti, kama zisivyo nazo udi na fidla. Zile sauti zinazokaa katikati ya nusu toni mkono unazifikia wenyewe. Besi yenye freti inaziruka.

Namba mbili ni nyuzi tano, yenye mistari pia, na ikiwezekana yenye urefu wa uzi wa inchi 35 ili B ikazike vizuri. Kwa mpiga besi wa kanisani ningeipandisha iwe namba moja bila kubishana. Bei yake ni zaidi ya ile ya dukani: seti ya nyuzi ni ghali zaidi, shingo ni pana, na amplifaya yenye spika ndogo haitaitoa Hz 31, itanguruma tu. Tena sikio la binadamu linatambua kwa shida kama noti nzito hivyo imepanda au imeshuka, na hapa hakuna freti ya kukuokoa.

Njia ya tatu wengi wanaisahau: nyuzi nne zikatyuniwa B, E, A, D. Unapata uzito bila kununua besi nyingine, ila fundi apanue mikato ya kwenye nati na kurekebisha shingo. Unapoteza G ya juu.

Kung'oa freti za besi kuukuu nakuweka namba nne, kwa mwenye fundi mwenye subira. Ya mwisho ni nyuzi tano za bei ya kutupa zisizo na mistari. Hizo ziache dukani.

Kabla ya kulipa, uliza nyuzi zilizofungwa. Zile zilizozungushiwa waya wa mviringo (roundwound) zina mikwaruzo na zinasugua ubao laini. Nyuzi bapa (flatwound) zinautunza na sauti yake ni ya mviringo, ingawa kilio kile cha kuburuta kinapungua kidogo. Kisha gusa uzi kidogo tu, bila kuubonyeza, juu ya alama ya oktava ili upate hamoniki, ile sauti nyembamba ya kengele, halafu ubonyeze palepale. Sauti zikitofautiana, fundi akarekebishe daraja kwanza, na kwa besi ya nyuzi tano anza na B.