Viwanja vya kulipa kidogo kidogo njia ya Usagara–Kisesa: bikoni zipo, hati ipo, ila barabara haitokei

Wadau habari zenu, mliokuwa mnaulizia vile viwanja vya kule Mwanza, barabara ya mchepuko Usagara–Kisesa, mimi nilichukua kimoja na deni nimemaliza, kwa hiyo naongea kama mteja siyo kama dalali. Jina la kampuni siliweki, wa huko wenyewe mtaijua.

Mazuri yapo, nisiwe mnafiki. Bei elfu sita kwa skwea mita na ukilipa kwa awamu haiongezeki, bikoni, yale mawe ya mipaka, tulizifukua zote nne na fundi wangu namba zikasoma sawasawa na kwenye mchoro, hati ilichelewa kidogo lakini imetoka na ina jina langu. Dada wa ofisini anapokea simu hata Jumamosi na anajibu unachouliza. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwenye mchoro wa mradi wenyewe. Ukiutazama harakaharaka unaona mambo safi, barabara za mita nane, viwanja vimenyooka. Sasa weka kidole ufuate barabara mojamoja. Zipo tisa, mbili ndizo zinafika kwenye njia ya kutokea lami, saba zinaenda weee zinafika mpaka wa shamba zinakufa hapo, na pale zinapofia wamechora kamshale kanaelekeza nje utadhani kuna kitu mbele. Nikamuuliza jamaa wa mauzo aliyetupeleka saiti, kaka hii inatokea wapi? Akanijibu bila hata kupepesa, "Inatokea kwa mzee hapo, akishauza."

Mzee mwenyewe tulimkuta upande wa pili wa minyaa anapalilia mihogo yake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia baba, kuna barabara imechorwa inakuja kwako. Akacheka sana. "Mwanangu, mimi siuzi, na siku nikiuza nitamuuzia mwenye hela, barabara haina hela."

Na nyuma ya hiyo mihogo ndiko iliko shule ya msingi, bendera unaiona ukiwa umesimama kiwanjani. Kwa sasa watoto wanakatiza kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, wamefanya kinjia chao kizuri tu kinapita pembeni ya bikoni, lakini watu wameanza kushusha tofali na kila anayejenga anaanza na ukuta, kwa hiyo kikifungwa kile kinjia mtoto anayeiona shule kwa macho itabidi arudi mpaka lami, atembee pembeni ya malori yanayokwenda Sirari, ndo aingilie upande wa pili. Hapo mzazi anaanza kulipia boda kila siku. Malori ya mchanga nayo ni vichekesho, mwisho wa barabara hamna hata pa kugeuzia, linaingia kwa mbele linatoka kinyumenyume na konda anakimbia nyuma anapiga bodi.

Kwa nini wanachora hivi? Hesabu tu. Kampuni inanunua shamba la mzee mmoja, inachora ndani ya mpaka wa shamba hilo, na kila mita unayoipa barabara ni mita ambayo hujaiuza. Kampuni ya shamba la pili inafanya vilevile, ya tatu vilevile, kila mchoro peke yake umepita lakini ukiiweka pamoja barabara hazionani. Yaani mpaka wa shamba alioweka babu yake mtu kwa kupanda minyaa ndio unaamua mtaa utaishia wapi.

Linganisheni na Mwanza mjini kati. Ule mji ulianza na Wajerumani 1892, reli ikaja 1928, na mpaka leo pale kwenye Lumumba na Rwagasore ukikuta foleni unakata kona unatokea mtaa mwingine. Ukitoka pale kwenda nje unabaki na barabara za Nyerere, Kenyatta na Makongoro, tatu hizo ndizo zinabeba mji wote. Kiasi fulani ni mawe na milima, sawa, huwezi kupitisha barabara kwenye jabali, lakini kule Mabatini au Igogo hata kama gari halipandi mtu wa miguu anapita kila upenyo. Huku tambarare hakuna jabali hata moja na bado tunazibiana. Na watu wanakuja, sensa ya 2012 wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja zilikuwa na watu laki saba na kidogo, ya 2022 zimevuka milioni moja, wote hao wanasukumwa nje huku.

Wala siyo sisi tu. Kuna watafiti wawili, Barrington-Leigh na Millard-Ball, walipima barabara za Marekani za kuanzia 1920 mpaka 2012 kwa kuangalia kila njia panda inaunganisha barabara ngapi, nne ni nzuri, tatu wastani, moja maana yake imekufa. Wakakuta mitaa ilikuwa inazidi kutounganika hata kabla magari hayajawa ya kila mtu, ikafikia kilele kama 1994, ndipo wakaanza kurudi kwenye mitaa inayotokezana. Mwaka 2020 wakatoa ya dunia nzima, nchi 134 zenye watu wengi zaidi, na katika asilimia 90 ya nchi hizo mitaa mipya imekuwa ikizidi kutounganika tangu 1975. Kilichonigusa mimi ni kwamba sehemu ikishaanza vibaya huwa inabaki hivyohivyo, hata mji ukikua ukaizunguka. Nyumba unabomoa, barabara ikishapimwa na pembeni kuna watu kumi wenye hati nani ataisogeza?

Kwa hiyo nyota 3 kati ya 5. Mimi kiwanja changu ni mstari wa mbele, nilikitaka hukohuko makusudi baada ya kuona ule mshale. Wewe unayetaka kulipa kianzio usikubali kuonyeshwa kipande chako tu, omba mchoro mzima, halafu nenda halmashauri uulizie na mchoro wa shamba la jirani kama upo, uweke pamoja uone kama barabara zinakutana. Vilivyobaki sasa hivi nasikia ni vya mwisho kabisa upande wa mihogo, na wanaviuza elfu sita ileile.