Nagona: nimeimaliza kwa safari ya tatu

Nagona, riwaya ya Mtanzania Euphrase Kezilahabi, ni kitabu chembamba, mwenye haraka angekimaliza kwa jioni moja. Mimi kimenichukua miaka minne. Mara mbili nilikirudisha rafuni, ya pili kwa hasira.

Kezilahabi niliyemzoea ni yule wa Rosa Mistika, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, na wa Gamba la Nyoka, yenye vijiji vya Ujamaa na watu wenye shida za kueleweka. Basi hiki cha 1990 nikakifungua na daftari pembeni, kama tulivyofundishwa: wahusika, mandhari, dhamira, ujumbe. Nikakuta msimulizi anaingia mji uliokufa ganzi, wazee wameinamia vitabu. Mara Socrates huyo, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mara Freud, yule mchambuzi wa nafsi. Penye "ujumbe" daftari langu lilibaki jeupe.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba Kiswahili chenyewe ni chepesi! Sentensi fupi, safi, mtoto wa darasa la saba anazisoma bila kukwama. Ukishazimaliza ndipo unajiuliza umesoma nini. Wanaolalamika kwamba mzee alituacha sisi wa kawaida akawaandikia watu wa chuo kikuu, siwalaumu. Nililalamika nao.

Safari ya tatu umeme ulikatika, nikamsomea mke wangu kwa sauti, kwa tochi ya simu. Nilikuwa nikisimama kumweleza, akanikatiza: "We soma tu." Kumbe. Bibi yangu aliposimulia sungura akimlaghai simba, hakuna aliyenyoosha kidole kuuliza sungura anawakilisha nini. Tulitaka kujua kama atapona. Usiku ule tulimfuata yule paa, Nagona, anayewindwa asishikike, na tulipofika kwenye ngoma kuu hatukuwa na haja ya maelezo. Sikuelewa yote. Ila kile kimya cha mji kilinikalia kifuani siku kadhaa.

Wanafalsafa bado wananikera, lakini. Wanaingia kama wageni rasmi harusini: wanatajwa, wanaketi, sahani haiwafikii.

Nakipa nyota nne. Kama una mtihani na unatafuta dhamira tatu za kukariri, kitakutesa bure. Mzingile, kilichofuata 1991, tayari ninacho mezani. Daftari nimempa mtoto achoree.