Make: miaka sita nayo, na bado siiachi

Stuart Feldman aliiandika Make, zana ya kujengea programu kutoka kwenye mafaili ya msimbo, mwaka 1976 akiwa kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs, na mpaka leo ndiyo ninayojengea programu zangu za lugha ya C. Inalinganisha muda wa mwisho wa kila faili kubadilishwa, kisha inakompaili, yaani inageuza kuwa lugha ya mashine, yale tu yaliyobadilika tangu ujenzi uliopita. Mradi wangu una mafaili kama 40. Nikigusa moja, kufumba na kufumbua kazi imekwisha.

Kero ya kwanza ni Tab. Kwenye Makefile, faili la maelekezo ya Make, mstari wa amri lazima uanze nayo. Ukiweka nafasi nane, kwa macho huoni tofauti yoyote, lakini Make inagoma papo hapo.

Kero kubwa zaidi ilinila usiku mzima. Niliongeza uga mmoja kwenye struct (kifurushi cha data chenye sehemu kadhaa) ndani ya faili la heda, yaani faili la maelezo linalotumiwa na mafaili mengine, nikajenga, programu ikaanguka. Nilikuwa nakompaili kwa -g, inayohifadhi taarifa za kutafutia makosa, basi nikaingia GDB, programu ya kutafuta makosa, nikaandika bt kuona mlolongo wa funksheni zilizoitana; kila moja ina fremu yake. Kwenye fremu ya juu, print sizeof(*m), inayouliza saizi ya struct ile ambayo m inaielekeza, ilinipa baiti 24. Nikaandika up kwenda kwenye funksheni iliyoiita, nikauliza tena: 32. Struct ileile, saizi mbili! Faili moja halikuwa limekompailiwa upya, kwa sababu Makefile yangu haikutaja kwamba linategemea heda ile. Make haibahatishi, usichoiambia haikijui.

Tangu hapo naweka -MMD kwenye amri za GCC, kompaila ninayotumia; chaguo hilo huandika utegemezi huo kwenye mafaili ya .d, na Makefile inayasoma kwa -include. Na kabla ya kujenga jambo kubwa, natumia make -n kwanza, nione amri zote bila kutekelezwa hata moja.