Boti ya Matema: Sura ya Zamani, Mwili wa Faiba

Boti ya kukodi niliyoipanda kutoka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hadi Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi, imeundwa kwa faiba ingawa sitaha yake imepambwa kwa mbao, na muundo huo ulinikumbusha Riva, kampuni ya kuunda boti iliyoanzia Sarnico, kando ya ziwa nchini Italia, mwaka 1842. Boti yake ya Aquarama ya mwaka 1962 ilikuwa ya mbao za mahogani. Aquariva, iliyokuja baadaye, ikapewa mwili wa faiba huku mahogani ikibakizwa juu, mahali jicho linapotua. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa mbao zinazokaa majini hudai kuzibwa na kupakwa vanishi mara kwa mara.

Boti hii ya kwetu ni tulivu, haivuji, na jaketi okozi zilitutosha abiria wote. Lawama yangu ni kwamba imefuata mno mtindo wa sasa wa sitaha iliyo wazi: kivuli ni haba, ilhali jua la Ziwa Nyasa halina huruma (sisi watu wa Mbeya mjini tumezoea baridi), na mawimbi ya alasiri yalitulowesha tuliokaa nyuma. Nitaipanda tena, ila asubuhi.