Bhajia, chai na ubishi wa Tendulkar: mgahawa mmoja wa Makadara, Mombasa

Jina la mgahawa silitaji kwa sababu nina lawama nao huko chini, na wenyewe ni watu wema. Mwambie dereva wa tuktuk akupeleke Makadara pale wanapoangalia kriketi, hatakuuliza mara ya pili.

Chakula kwanza. Bhajia za viazi zinakaangwa ukiwa umekaa, nyembamba, na dania unaiona ndani ya unga. Chatini yao ni ya ukwaju wa kweli. Kachri bateta, yaani viazi vya rojo, ni nzito kuliko nipendavyo, omba ndimu zaidi. Chai ya maziwa ina iliki ya kutosha, na kikombe kikiisha hakuna anayekuja kufuta meza kukuonyesha mlango. Kahawa msiiguse.

Basi, hayo ndiyo ya tumboni. Watu wanajazana pale kwa ajili ya televisheni iliyo juu ya friji ya soda, na ubishi unaoendelea chini yake: nani mchezaji bora wa kriketi wa zama hizi? Mimi nilishika daftari la alama kwenye mechi za klabu miaka mingi, enzi za penseli na raba, kwa hiyo nauhukumu ubishi kama wengine wanavyouhukumu pilau. Na huu umeiva.

Mwenye mgahawa, ambaye sote twamwita Ami, ni wa Sachin Tendulkar na hana mwingine. Takwimu anazo mdomoni: mechi 200 za siku tano, mikimbio 15,921, na mia 100, yaani mara 100 alifikisha mikimbio mia katika zamu moja, ukijumlisha na mechi za ova 50 (ova moja ni mipira sita). Alianza kuichezea India mwaka 1989 akiwa na miaka 16. Ukimbana sana, Ami anatoa hoja yake ya mwisho, ambayo sijaisikia kwingine kokote. Oktoba 1996, pale Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan aliipiga Sri Lanka mia kwa mipira 37, na inasimuliwa kwamba bati, lile gongo la kupigia mpira, alilotumia lilikuwa la Tendulkar, aliloazimwa na Waqar Younis. Rekodi ile ilikaa mpaka siku ya kwanza ya 2014. "Bati lake peke yake, bila yeye, liliweka rekodi hapa kwetu Kenya," Ami husema, huku akikurudishia chenji. Utamjibu nini?

Mpishi ni wa Wasim Akram, mrushaji wa Pakistan. Anatoka jikoni na kijiko cha kukaangia mkononi kuonyesha ile mipira miwili ya fainali ya Kombe la Dunia ya 1992 kule Melbourne, mmoja uliomtoa Lamb na mmoja Lewis, wote wa Uingereza, na kila anapoionyesha mafuta yanadondoka sakafuni. Kaeni mbali na mlango wa jikoni mkiwa na nguo nyeupe.

Vijana wa tuktuk ni wa Virat Kohli, naye wa India. Walikuwepo, au wanadai walikuwepo, siku ile ya Novemba 2023 alipofikisha mia ya 50 katika mechi za ova 50 na kumpita Tendulkar, uwanjani Wankhede kule Mumbai, Tendulkar mwenyewe akiwa jukwaani. Wakianza hiyo, Ami anawakumbusha kwamba katika mechi za siku tano Kohli aliacha akiwa na mikimbio 9,230 tu. Hilo "tu" analivuta mpaka barabarani.

Brian Lara wa West Indies hapa hapewi haki yake, na sababu ni ya kienyeji kabisa. Mtu aliyepiga 375 mwaka 1994, kisha akarudi uwanja uleule wa Antigua, dhidi ya Uingereza hiyohiyo, akapiga 400 bila kutolewa mwaka 2004, popote pengine angekuwa kwenye mbili bora. Makadara wanamkumbuka kwa mikimbio minane. Ndiyo aliyopata dhidi ya Kenya pale Pune, India, kwenye Kombe la Dunia, Februari 1996, kabla ya mpira wa Rajab Ali kumgusa bati na Tariq Iqbal, mlinda wiketi wetu mwenye miwani, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, kuudaka. West Indies wote wakatoka kwa 93. Tangu hapo ukimtaja Lara mtu atainua mkono kama anayerekebisha miwani, na meza nzima inacheka. Si hoja, lakini nami hucheka.

Ukitaka meza inyamaze, mtaje Aasif Karim. Mtoto wa Mombasa. Durban, Kombe la Dunia la 2003, Kenya dhidi ya Australia waliokuwa hawashikiki, naye akiwa karibu na miaka 40 akarusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu, yaani kuwatoa wapigaji watatu, nahodha wao Ponting akiwemo. Hakuna anayesema ni bora wa dunia. Ila hapo ndipo hata wale wa Kohli hukaa wima.

Sasa lawama. Wanawake na familia wanakalishwa upande wa ndani, nyuma ya ubao wa maua, na kutoka huko televisheni haionekani ila kona moja ya chini ambako kuna alama za mchezo. Yaani nasoma mechi kama benki inavyosoma akaunti. Nimeshamwambia Ami, akanijibu, "Bi, wewe wahitaji kuona? Wewe si daftari?" Na kweli ubishi ukikwama wananipigia kelele juu ya ubao ule: Warne wa Australia wiketi ngapi? 708. Muralitharan wa Sri Lanka? 800 kamili. Halafu wanaendelea bila hata ahsante. Huduma gani hii, mteja afanyishwe kazi na bili alipe mwenyewe?

Lakini kwa kuwa wananiuliza, jibu langu nimewapa, na hawalipendi. Ni Jacques Kallis wa Afrika Kusini. Mikimbio 13,289 katika mechi za siku tano, wastani juu ya 55 kwa kila kutolewa, ambao ni mzuri kuliko wa Tendulkar. Hapo hujafika kwenye wiketi zake 292. Zaheer Khan wa India, ambaye kazi yake ilikuwa kurusha mpira na basi, alimaliza na 311. Ongeza mipira 200 aliyoidaka. Afrika Kusini walikuwa wakiingia uwanjani na watu wawili ndani ya shati moja. Vijana hunijibu kwamba hakuna aliyewahi kukata tiketi kwenda kumtazama Kallis, na wana lao, alikuwa akipiga taratibu kama mtu anayejaza fomu. Tendulkar alipoaga Novemba 2013, India ilisimama. Mwezi uliofuata Kallis akaziaga mechi za siku tano pale Durban kwa kupiga mia, 115, na siku ile Makadara ilikuwa ikizungumza bei ya kuku.

Ushauri wa kwenda: chagua siku ya mechi ya siku tano, asubuhi. Siku za ova 20 pamejaa makelele, watu wanatazama mipira inayoruka ukuta na hakuna anayebishana. Ijumaa wanafunga mpaka baada ya swala. M-Pesa wanapokea, lakini kuwa na pesa taslimu kidogo maana mtandao pale ndani hukatika. Choo ni kisafi, sabuni hakuna.

Bhajia nyota tano, chai nne, viti viwili kati ya vitatu ni vizima. Upande wa familia nawapa moja mpaka ubao ule wa maua usogezwe. Naambiwa seremala ameshapimishwa, sijui nani anamsubiri nani.